Tairi la Zerbo

Rasmane Nikiema alikuwa amepata ugonjwa wa kidole gumba. Tangu upepo wa vumbi uanze kuvuma, hakuweza kupita karibu na tairi bila kulibonyeza. La baiskeli ya mwalimu, la mkokoteni wa punda, la pikipiki ya imamu iliyoegeshwa nje ya msikiti huku mwenyewe yuko ndani anasalisha. Alibonyeza yote, akanusa kidole, akatikisa kichwa, akaenda zake. Watu wa mtaani kwake, hapo mjini Koudougou, walianza kumcheka. Yeye hakuwa na nafasi ya kuona kama anachekwa. Keshokutwa ilikuwa matanga makubwa ya mama mkwe wake kule Nanoro, na matairi ya pikipiki yake, la mbele lilikuwa limebaki kipara, la nyuma lilikuwa na viraka kuliko suruali yake ya kazi.

Kununua matairi si jambo la kumtoa mtu jasho. Unakwenda, unachagua, unafungiwa, unarudi nyumbani kula. Lakini Alizeta, mkewe, alikuwa amesema neno, na Alizeta si mtu wa kurudia neno. Alikuwa uani anapepeta uwele, mkono wa kulia ukifanya kazi na wa kushoto ukisaidia tu.

"Kwenye matanga ya mama nitafika, Baba Tilado," alimwambia. "Nitafika na wewe, au nitafika na Salfo. Matairi nikiyaona ndiyo nitajua."

Salfo ni kaka yake, na ana pikipiki mpya. Sasa fikiria mkwe anafika ukweni siku ya matanga na kondoo wake, na wapiga ngoma wake, na mitungi ya pombe ya mtama kwa wanaokunywa, halafu mke anashuka kutoka pikipiki ya kaka yake. Afadhali mkwe huyo angebaki kwake akasingizia homa. Kabla kondoo hajafungwa kamba, Nanoro nzima ingekuwa imejua kwamba binti yao hamwamini tena mumewe. Na kilichomwuma Rasmane hakikuwa kusengenywa. Kilichomwuma ni kwamba wangekuwa wanasema kweli.

Pikipiki yenyewe ni ndogo, ya Kijapani, ya zamani, ya mtindo ule usio na klachi ya mkononi. Gia unabadilisha kwa kukanyaga tu. Aliinunua mwaka aliooa, na Alizeta aliingia Koudougou juu yake, amekaa upande, miguu pamoja, sufuria mpya zikigongana mapajani. Tangu hapo ikawalea. Kazi ya Rasmane ni kanga. Anazunguka vijijini akiwanunua kwa mzee huyu wawili, kwa bibi yule watatu, anawafunga miguu mafungu mafungu, anawaning'iniza kwenye usukani na kwenye keria kwa mikanda ya mpira, mpaka anayekutana naye njiani haoni pikipiki wala dereva, anaona madoadoa na manyoya yanakuja yakipiga kelele. Miaka ya mwanzo Alizeta mwenyewe aliiendesha kwenda kuuza soko la Poa, na aliiendesha vizuri, kabla watoto hawajaanza kufuatana. Baadaye akawa mtu wa nyuma. Akiwa nyuma aliimba, au alimsimulia mumewe ubaya wa majirani kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na Rasmane aliipenda sauti ile begani kwake kuliko alivyowahi kumwambia mwenyewe. Miezi hii alikuwa akienda peke yake. Alikuwa hajui kwamba injini ile ina kelele mbaya kiasi hicho.

Na yote hayo yalitokana na tairi moja, lililotoka kwa Zerbo.

Zerbo ni Msamo, anauza matairi chini ya banda la mabati karibu na reli. Rasmane ni Mmosi. Mtu aliyekulia penye watani hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo: Wamosi na Wasamo wanatukanana tangu enzi za mababu, sokoni, harusini, hata mbele ya maiti, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Zerbo humwita Rasmane mtumwa wake. Rasmane humwita Zerbo mla kichwa cha mbwa. Kwa miaka yote waliyojuana, Rasmane hakuwahi kusikia neno la kweli kutoka kinywani mwa Zerbo, wala hakulihitaji. Ukimwuliza Zerbo ni saa ngapi, atakwambia ni saa ya watumwa kurudi shambani.

Msimu wa mvua uliopita Rasmane alifika pale bandani tairi lake la nyuma likiwa limekwisha. Hapakuwa na la saizi yake, ila moja lililoning'inia peke yake kwenye msumari wa ukuta wa nyuma. Akaliteremsha. Zerbo akamwambia aliache, hilo ni la kukatia mikanda ya kufungia mizigo, limekaa juani miaka, limekufa. "Ukilipanda hilo, mtumwa, nitakuja kula wali kwenye matanga yako," alisema. Rasmane alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamjibu kwamba anamjua, anataka kumfichia Msamo mwenzake. Zerbo akalinyakua na kulirudisha msumarini; Rasmane akaliteremsha tena; wakalivuta huku na huku, na wapita njia na wazee wanaochemsha chai upande wa pili wakasimama, maana mchezo ulikuwa umenoga. Ndipo Zerbo akaliachia. Akasema mara ya pili, kwa sauti ya chini na bila kutabasamu, kwamba tairi lile halifai. Lakini mtani akisema bila kutabasamu, hapo ndipo utani umekolea. Rasmane alitupa hela mezani akaondoka nalo shingoni, kama aliyeshinda mieleka.

Lilipasuka kwenye mteremko wa njia ya Nanoro, Alizeta akiwa nyuma na beseni lake. Alivunjika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja. Fundi wa mifupa wa kule kijijini aliuunga kwa vijiti na mafuta ya shea, ukapona, lakini ulipona umepinda. Jioni ile ile, mkono ukiwa bado na vijiti, alimwuliza mumewe tairi lile lilikuwa la wapi.

"La Zerbo," alijibu Rasmane.

Hakusema uongo. Aliishia hapo tu, kwa sababu maneno yaliyobaki yalikuwa mazito kwa jioni ile. Kesho yake yakawa mazito zaidi, na kufikia wiki ya pili yalikuwa hayabebeki kabisa. Alizeta akabaki na yale mawili aliyopewa. Hakwenda kumgombeza Zerbo. Alifanya jambo baya kuliko kugombeza: aliacha kumtukana. Zerbo akimtupia neno, yeye anapita zake, macho mbele, kama hakuna mtu. Mwanzoni Zerbo alifurahi sana, akidhani huo ni utani wa aina mpya, akawaambia wenzake kwamba mke wa mtumwa wake ana akili kumzidi mumewe. Mvua zilipokwisha aliacha kufurahi.

Kwa hiyo siku hiyo Rasmane alitoka nyumbani ameazimia kununua matairi popote pale isipokuwa kwa Zerbo. Kwa Zerbo kulikuwa na maneno aliyoyaacha yakining'inia, na hakutaka mkewe aje ayakute.

Alianzia duka kubwa la barabara ya lami, ambako matairi yanakaa yamevishwa karatasi za rangi kama zawadi. Saizi yake ni mbili na nusu, kumi na saba, saizi ya pikipiki ambazo mafundi wa siku hizi huziita marehemu. Hawakuwa nayo. Muuzaji alimletea pana zaidi, akamwambia pana ndiyo safi, inakamata barabara, mzee utapaa. Rasmane alipima kwa viganja, akaona lingesugua kava ya mnyororo, na hata lisingesugua, yeye hakutaka kupaa. Aliwahi kupaa mara moja, na mkewe alitua vibaya. Alitoka muuzaji akiwa bado anasifu.

Akaenda kwa mama mmoja wa matairi ya mtumba, yale yanayoshushwa bandarini Lomé kutoka Ulaya. Yalikuwa yamepangwa yanang'aa weusi, yanapendeza. Rasmane alibonyeza moja, kidole kikatoka cheusi. Akasugua kwa upindo wa shati, rangi ikatoka, na chini yake ubavu mzima ukawa na mipasuko midogo midogo, kama tope la bwawa lililokauka. Yule mama hakutikisika. Aliapa kwa wanawe wote, mmoja mmoja kwa jina, kwamba tairi lile lilikuwa la padri wa Ujerumani aliyeendesha Jumapili tu, tena polepole. Rasmane alimtakia heri padri, akaondoka.

Jua lilipopanda alikuwa amefika kwa Boukari, nyuma ya soko la vitunguu, na Boukari alikuwa nayo. Saizi yenyewe. Mapya, laini, namba nne za ubavuni zikionyesha kwamba hayajamaliza mwaka tangu yatoke kiwandani. Kasoro ilikuwa michoro yake: mistari iliyonyooka, ya kukimbilia kwenye lami. Na njia ya Nanoro ni changarawe iliyolala juu ya ardhi ngumu, inayozunguka chini ya gurudumu kana kwamba mtu amemwaga karanga. Rasmane aliyazungusha, akayanusa, akayaweka chini, akayachukua tena. Boukari akamwambia ni mazuri kwa lami, ni mazuri kwa changarawe, kwa mchanga, kwa matope. Angeachiwa angesema hata kwa kuvukia ziwa. Rasmane alifika mpaka kuingiza mkono mfukoni.

"Ubaya wake nini?" aliuliza.

Boukari alimtazama kama aliyeulizwa ubaya wa mama yake mzazi. "Hayana ubaya, kaka."

Rasmane akautoa mkono mfukoni, mtupu.

Alikaa kwa mwanamke anayeuza maharage na wali, akaagiza sahani, akala kijiko kimoja, akasimama. Akakaa tena. Kila aliyemwendea alikuwa na tairi lisilo na kasoro, na kila walivyozidi kusifu ndivyo alivyozidi kuona ule mteremko, na beseni la Alizeta likiviringika peke yake mbele ya pikipiki. Mji mzima huu, matairi yote haya, na ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwambia ubaya wa tairi. Tena alimwambia mara mbili. Mwenye chakula alimwuliza kama maharage yana mawe. Rasmane alisema hapana, dada, mawe ninayo mimi, akaisukuma pikipiki yake kuelekea kwenye reli.

"Mtumwa wangu amejirudisha mwenyewe," Zerbo alisema alipomwona. Alikuwa amekaa juu ya rundo la matairi, anapiga msasa mpira wa ndani apate kuuziba. "Mnyororo uko pale, jifunge. Mimi nina kazi."

Rasmane alimjibu kwamba asubuhi mbwa watatu wamepotea mtaani na wenyewe wanauliza kama Zerbo ameamka ameshiba. Lakini alisema bila moyo, na Zerbo alisikia kwamba halina moyo. Aliweka msasa chini, akaingia ndani ya banda, akatoka na matairi mawili. Mbili na nusu, kumi na saba. Michoro ya vipande vipande vilivyokaa mbalimbali, ya kung'ata changarawe.

"Niliyaagiza mjini Bobo, yako hapa tangu mvua ziishe," alisema. "Mtu nimemwekea mali yake, yeye anapita upande wa pili wa reli kama namdai mahari."

Rasmane aliyachukua. Alibonyeza, akakunja ubavu, akausogeza juani atafute mipasuko. Hapakuwa na mpasuko. Akasoma namba, akanusa. Kila kitu mkononi mwake kilimwambia haya ndiyo, lakini ni mkono huo huo uliolivuta lile la msumarini.

"Mazuri?" aliuliza.

"Mazuri."

"Kweli kabisa?"

"Kweli, mtumwa."

"Apa."

"Niape kwa nini? Kwa kichwa cha mbwa?"

Hapo ndipo Rasmane alipoona umaskini wao. Miaka yote hiyo walikuwa wamechezea maneno yote, hawakubakiza hata moja la kutumia siku ya shida. Akiapa ni utani, asipoapa ni utani, akinuna ndiyo utani mkubwa kuliko wote. Alitaka kumkamata Zerbo mabega amtikise mpaka kitu cha kweli kidondoke. Badala yake alianza kuzunguka pikipiki, akagusa rimu, akagusa kiti, akarudi pale pale.

Zerbo alimwangalia anavyozunguka. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Rasmane aliitambua, ile ya chini, ya siku ile ya msumari:

"Mimi nina swali, na nimelikalia miezi. Mke wako hanitukani tena. Anapita hapa, namwita mke wa mtumwa, namwambia arudishe mbuzi wa babu yangu, kimya. Nimemkosea nini?"

Rasmane alifungua mdomo. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba Zerbo hajui. Kabla hajapata pa kuanzia, Alizeta mwenyewe alitokea upande wa reli, anatoka kununua kola, zile njugu chungu za kutafuna wanazogawiwa wageni wa matanga, furushi liko mkono wa kulia. Hakuwa amemfuata mumewe. Aliona pikipiki yao imeegeshwa pale ambapo asingependa kuiona, basi akaja.

Alisimama ukingoni mwa kivuli cha banda, hakuingia.

"Zerbo," aliita.

Jina tupu. Wazee waliokuwa wanachemsha chai upande wa pili waligeuza shingo, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia Mmosi akimwita Zerbo kwa jina lake, labda karani wa serikali.

"Leo umemchagulia lingine la kufa?" Alizeta aliendelea. "Au la kunivunja huu mkono wa pili?"

Zerbo alimtazama. Akautazama mkono uliopinda. Kisha akamtazama Rasmane, na Rasmane alikuwa ameinama ghafla juu ya gurudumu la nyuma, anashikashika spoki ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Zerbo si mjinga. Mambo yote ya miezi ile yalimfikia kwa mpigo, na yalionekana yakifika usoni mwake. Angeweza kusema. Mashahidi wa siku ile walikuwa pale pale wanakunywa chai. Lakini alicheka.

"Ndiyo, nilimwuzia makusudi," alisema. "Nilitaka kuwamaliza Wamosi wote, nikaona nianze na huyu, maana hana akili, hatatafutwa na mtu. Sasa balaa likakuangukia wewe. Nimekosa shabaha."

Mdomo ulikuwa unacheka. Mikono, iliyoshika vyuma vya kufungulia matairi, ilikuwa imetulia kama ya mtu anayesubiri kupigwa.

"Mkono wangu hauchekwi," Alizeta alisema. Akamgeukia mumewe. "Salfo atanipitia keshokutwa asubuhi." Akaanza kwenda.

"Alinikataza."

Rasmane mwenyewe hakujua kama ameshalisema mpaka alipoona mkewe amesimama. Alinyanyuka, magoti yana vumbi.

"Zerbo alinikataza, Alizeta. Aliliweka msumarini, nikalitoa. Akalirudisha, nikamnyang'anya. Aliniambia limekufa, akaniambia tena, na mimi nikawa nacheka."

"Ukaniambia ni la Zerbo."

"Lilikuwa la Zerbo."

"Rasmane," alisema Alizeta.

Katika ndoa yao yote alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Wazee wa chai walirudi kuangalia birika lao. Alizeta alilipima furushi la kola mkononi.

"Kwamba ulidhani ni utani, hilo naelewa," alisema. "Hata mimi ningecheka. Msamo akisema unakufa, nani asiyecheka? Lakini umeniacha nimnunie mtani wangu tangu mvua mpaka leo, mtu hajanifanyia kitu. Ningekufa mimi, nani angekuja kunichezea utani matangani? Umenifanya mtu wa ajabu, Baba Tilado, na ulikuwa unaniona kila siku."

Rasmane alijipangusa vumbi magotini.

Alizeta aliingia kivulini. Aliweka furushi juu ya meza ya Zerbo, akachagua kola moja nyekundu, akamtupia ikamgonga kifuani.

"Tafuna hiyo, mla mbwa," alisema, "maana nasikia meno umeyaacha kwenye fupa la mbwa wa jirani. Uso kama tairi la mtumba. Mwanamume mzima unaporwa mali na Nikiema, mtu anayeshindwa na kanga? Ungelishika vizuri lile tairi, ungeshika kama babu yako alivyoshika mkia wa mbwa, mkono wangu ungekuwa umenyooka."

Aliendelea. Miezi mingi ilikuwa imelimbikizana na hakutaka kubakiza. Aliwapitia baba zake Zerbo, shangazi zake, kijiji chake, mbwa wa kijiji chake. Zerbo alikaa chini juu ya rundo lake na ile kola mkononi, akajifuta macho kwa mkono wa shati wenye grisi, ukamwachia mstari mweusi shavuni. "Endelea," alimwambia. "Kwa nini umesita? Bado mjomba wangu."

Matairi yakafungwa. Zerbo aliyatoa yale ya zamani kwa vile vyuma vyake, akapaka poda mpira wa ndani, akaupuliza kidogo, akausokomeza, akagonga gonga mpaka tairi likakaa. Rasmane alitaka kusaidia akaambiwa akae mbali na kitu chochote cha mviringo. Alipomaliza kupampu, Zerbo alisema yana ubaya mmoja: mapya huteleza siku za mwanzo, mpaka ile ngozi ya juu itoke, mtu akiingia kona kama mwendawazimu ataanguka, na safari hiyo asimtaje Msamo. Lilikuwa neno baya la kwanza Rasmane kulisikia kuhusu tairi tangu asubuhi. Aliingiza mkono mfukoni, na mara hii ukatoka na hela.

Alizeta alikuwa bado hajaridhika. Alilibonyeza la mbele kwa kidole gumba, kisha la nyuma. Akalipitisha vazi lake upande mmoja, akakaa kwenye kiti cha dereva, mkono uliopinda ukikaa kwenye usukani kana kwamba ulipindishwa kwa ajili hiyo.

"Panda nyuma, mla mbwa," alisema. "Kama ni mabovu, tunakwenda wote."

Zerbo hakusimama kufikiri. Alipanda hivyo hivyo na aproni yake ya ngozi, pampu iko mkononi, wakaondoka.

Rasmane alibaki na wazee wa chai. Aliwaona wakivuka reli, wakipita msikitini, wakiingia kwenye vumbi la upande wa mashamba, na baada ya hapo alibaki na mlio tu. Alikaa juu ya rundo. Alisimama. Alikwenda mpaka kwenye reli, akarudi. Aliukazia sikio ule mlio kila ulipobadilika gia, akingoja ule mshindo aliokuwa akiusikia hata usingizini, na haukuja. Mmoja wa wazee alimwambia akae anywe chai, mke ataletwa. Alishika kikombe, akakirudisha kimejaa.

Waliporudi, Zerbo alikuwa hana kofia na kope zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Alishuka kwa uangalifu. "Anaendesha kama anafukuzwa na nyuki," alimwambia Rasmane, na Rasmane akajua hilo ni kweli tupu.

Alizeta hakushuka. Alichukua furushi lake la kola mezani, akaliweka mapajani, akageuza pikipiki ikaelekea nyumbani.

"Mwambie Salfo keshokutwa abebe kondoo," alisema. "Mimi na wewe tutakwenda na hii. Haya, panda."

Rasmane alikuwa hajawahi kukaa nyuma ya pikipiki yake. Pale ni mahali pa kanga. Manyoya mawili matatu yalikuwa bado yamenasa kwenye keria. Alipanda upande usio wake, akatafuta pa kuweka miguu, akaikunja, akaikunjua. Zerbo alishauri kwa sauti ya kusikika hadi sokoni kwamba mzigo huo ufungwe kwa mikanda ya mpira, usije ukaruka njiani, na alikuwa nayo ya kuuza, mizuri, ya tairi lililokufa. Wazee wa chai walicheka na Alizeta alicheka nao.

Walipokaribia reli aliongeza mwendo kidogo.

"Nikikimbiza, sema," alimwambia mumewe bila kugeuka. "Mimi nikiambiwa nasikia."

Rasmane alishika chuma cha keria kwa mikono miwili, akafumba macho.